Betri Zilizofunguliwa Kila Asubuhi

Nilistaafu wiki sita zilizopita na tayari mmenipigia simu mara nne kuuliza funguo za kabati la vifaa ziko wapi. Ziko palepale, ndani ya kopo la maziwa ya unga nyuma ya mlango. Mara ya nne mliniomba pia niwaandikie kuhusu wateja wetu na umeme wao wa akiba, kwa kuwa nimeifanya kazi hiyo muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyebaki ofisini. Haya, nimekaa, nimeandika. Msitegemee habari za vyeo, maana vyangu vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu. Nitaeleza mashine ya mpunga ya Kihurio, kwa sababu huko ndiko nilikoanzia, kisha zahanati ya mlimani juu ya Maore, kwa sababu huko ndiko nilikokosea. Jina la kijiji chenyewe nalificha, na majina ya watu wake nimeyabadili. Mwenyekiti wa huko yu hai, ni Mpare mwenzangu, na njia ya mahakamani anaijua hata ukimfunga kitambaa machoni.

Nilifika ofisi ya shirika la umeme ya Same nikiwa na cheti kipya, viatu vipya na begi la bisibisi ambazo hazikuwahi kugusa skrubu. Nilikabidhiwa kwa Mzee Kiangi, fundi mfupi aliyekuwa na sauti nzito ya kwaya na mwendo wa mtu asiyedaiwa haraka na yeyote.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Ndiyo mzee."

"Mimi bado."

Basi saa yangu ya kwanza kazini niliitumia kumtazama mtu akinywa chai. Alipomaliza alinieleza kazi yenyewe. Wako wateja wasioweza kungoja umeme urudi, alisema: wenye mashine za kusaga na kukoboa, wenye pampu za maji, zahanati. Hao wanatakiwa wawe na akiba yao wenyewe, jenereta au betri, iliyofungwa vizuri isije ikaua mtu. "Shirika linawaletea watu umeme," akasema. "Mimi na wewe tunawaandaa kwa siku ambazo halijawaletea." Wakubwa hawakupenda ayaseme hayo mbele ya wateja, kwa hiyo aliyasema mbele ya wateja tu.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuacha hata mvua inyeshe. Akishamfungia mteja vifaa na kumweleza kila kitu, alikuwa haondoki. Anatafuta kiti, anakaa, anakunja mikono na kusema, "Sasa nifundishe mimi. Sijui kitu. Umeme umekatika, nifanye nini?" Mteja analazimika kumfundisha kuanzia mwanzo hadi mwisho huku yeye akiuliza maswali ya kijinga. Niliona ni kupoteza muda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa najua kila kitu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Bwana Shabani wa Kihurio, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa amenunua jenereta kubwa kwa ajili ya siku ya shida, akaliweka chumba cha nyuma, akalifunika blanketi la sufu, tena zuri kuliko langu. Siku ya shida ilipofika, mpunga umejaa uani na umeme hakuna, jenereta likakataa kabisa. Mzee Kiangi alifunua blanketi. Ndani ya chujio la hewa kulikuwa na panya jike na watoto wake saba, wote wana afya njema. Dizeli ilikuwa imeharibika na betri ya kuwashia imekufa.

"Uliliwasha lini mara ya mwisho?" Mzee Kiangi akauliza.

"Kuliwasha?" Bwana Shabani akashangaa. "Nililitunza!"

Tulilisafisha, panya wakahamishwa kwa heshima, jenereta likaunguruma. Tukamwambia tungerudi wiki ijayo kumfungia chenjiova, ile swichi ya kuchagua upande mmoja, ama laini ya shirika ama jenereta, kamwe si zote mbili kwa pamoja. Tukamsihi asiunganishe kitu mpaka turudi. Akaitikia kwa kichwa vizuri sana.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa Kihurio tena kubadilisha kikombe cha kauri kinachoshikilia waya juu ya nguzo, kilichokuwa kimepasuka. Laini tuliizima sisi wenyewe, kwa mikono yetu. Mzee Kiangi alipanda ngazi, na kabla ya kugusa chochote akatoa testa yake na kuisogeza kwenye waya, kama alivyofanya siku zote hata pale alipokuwa na fyuzi za laini hiyo mfukoni. Testa ikawaka. Wakati huohuo mama mmoja wa nyumba ya jirani akatoka nje akipiga makofi.

"Asanteni sana baba, umerudi!"

"Umerudi kutoka wapi?" Mzee Kiangi akauliza kutoka juu ya ngazi.

Alishuka ngazi polepole, akakaa chini mchangani, akaomba maji. Nilisimama pale na testa yangu mpya na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu nilielewa kwamba kama angekuwa mtu wa haraka kama mimi, ningerudi Same peke yangu.

Tulimkuta Bwana Shabani akikoboa mpunga kwa furaha. Alikuwa ametengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, na umeme wake ukatoka kwa kupitia ukuta mpaka kwenye laini na nyumba za majirani. Nilingoja matusi. Mzee Kiangi akavuta gunia, akakaa.

"Nifundishe," akasema. "Sijui kitu."

Bwana Shabani alifundisha kwa fahari. Hapa unachomeka, hapa unawasha, umeme unaingia nyumba nzima.

"Na ukishajaa nyumba nzima?"

"Unatoka nje kidogo."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye nguzo."

"Na mimi asubuhi hii nilikuwa wapi?"

Bwana Shabani akazima jenereta. Kisha akakaa chini kwenye pumba, akang'oa ule waya yeye mwenyewe na kumkabidhi Mzee Kiangi kwa mikono miwili. Mkiuliza ule waya wa plagi mbili uliotundikwa juu ya kalenda ofisini ni wa nini, sasa mnajua. Tangu siku hiyo Bwana Shabani alikuwa na chenjiova, na kila Ijumaa akitoka swala alikuwa analiwasha jenereta nusu saa, na mashine inakoboa kweli, si kuliungurumisha tu. Baadaye akanunua na dogo la ofisi, nalo likaingia kwenye Ijumaa. Majirani walilalamika kelele. Aliwaambia waende kwa Mzee Kiangi.

Mzee Kiangi alistaafu na kurudi kwao milimani kulima tangawizi, nami nikarithi begi, ngazi na wateja. Kiti chake nilikirithi pia, ila mara nyingine nilisahau kukikalia. Hapo ndipo inapoanza habari ya zahanati.

Zahanati hiyo ilikuwa na jokofu la chanjo na umeme wa kwenye laini inayopita porini, ambako kila mti ulikuwa na hamu ya kuilalia. Muuguzi wake, Sista Namsifu, alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ndogo, na alilichunga jokofu lile kama mtoto wa kumzaa. Chanjo zinatakiwa zikae katikati ya nyuzi mbili na nane. Zikizidi nane unazitupa, na akina mama waliotembea saa tatu na watoto mgongoni unawaambia warudi nyumbani. Jambo hilo lilikuwa limeshampata mara moja. Alinisimulia huku akitazama pembeni, na nikaona kwamba hakutaka limpate tena kamwe.

Betri nne na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa laini, zilipatikana kwa wafadhili. Barabara ilikuwa tope tupu, kwa hiyo kijiji kikafanya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu Upareni huachwi nje labda uwe mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ujulikane. Kila betri ilibebwa na watu wanne kwenye machela. Nikafunga inveta, nikafunga chenjiova, nikaunganisha jokofu, nikawaita watu wote uani niwaeleze. Aliyeteuliwa kusimamia alikuwa Mzee Mchome, mwenyekiti wa ndiva ya kijiji.

Kwa wale waliokuja Same kwa uhamisho: ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo wazee walichimba ubavuni mwa mlima. Mfereji unalijaza usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na maji yanakwenda kwenye mashamba kwa zamu. Mzee Mchome alikuwa ameshika zamu hizo miaka mingi na hakuna aliyewahi kumhonga hata kwa mkungu wa ndizi. Nikamtazama, nikapata wazo ambalo nililiona zuri mno.

"Mzee, hizi betri ni ndiva," nikasema. "Umeme wa laini ni mfereji. Ukiwepo, betri zinajaa. Ukikatika, tunafungulia."

Uso wake ukang'aa. Watu wote wakasema aa! Sikuwahi kueleweka vizuri hivyo katika maisha yangu. Wingu jeusi lilikuwa linashuka, gari la kunirudisha Maore lilikuwa linapiga honi, na nikaondoka bila kukaa kwenye kiti. Sikusema, "Sasa nifundishe mimi." Andikeni hapo pembeni, maana hilo ndilo kosa lenyewe.

Miezi mitano baadaye, Jumapili, nilikuwa kanisani Same, mahubiri yamefika katikati, simu ikatetemeka kwenye mkoba. Nikatoka nje.

"Shikamoo mama fundi."

"Marahaba Sista. Kuna nini?"

"Nguzo imeanguka alfajiri, umeme hakuna. Betri zimeshika dakika kumi tu mama. Na kesho ni siku ya chanjo, akina mama nimeshawaita." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Jokofu lilikuwa nne. Sasa ni tano."

Nilifika mlimani saa saba mchana na nguo za kanisani. Sista Namsifu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa jokofu, mtu asije akaufungua hata kwa bahati mbaya. Kipimajoto kilichobandikwa nje ya jokofu kilisoma sita na nusu ndani. Nikaenda kwenye betri. Zilikuwa zimevimba tumbo zote nne. Pembeni yake kulikuwa na waya mwekundu na mweusi wenye vibanio, ambao mimi sikuuweka.

Mzee Mchome alikuja na daftari kwapani, hana wasiwasi wowote.

"Shikamoo mzee. Hizi betri mlizifanyaje?"

"Marahaba. Tulifanya kama ulivyotuagiza." Akafungua daftari. "Kila asubuhi saa kumi na mbili tunazima laini, tunafungulia. Jumatatu simu za kitongoji cha juu. Jumanne simu za chini. Jumatano kinyozi. Alhamisi redio. Ijumaa na Jumamosi wenye mashine za kushonea. Jumapili kinanda cha kwaya."

"Mnazima laini? Umeme ukiwepo?"

"Sasa mama, ndiva unaifunguaje huku mfereji unamwaga?"

Nilitafuta pa kukaa. "Na mnaacha wakati gani?"

"Zikiisha." Alisema hivyo kwa fahari kabisa. "Hatuachi hata tone. Ukiacha maji kwenye ndiva, usiku yatajaa nini? Utakuwa umemwibia mwenye zamu ya kesho."

"Inveta ina kengele, mzee. Inapiga kelele na kujizima zikishuka sana."

"Ilikuwa na tabia hiyo. Ikamkatisha kinyozi, kichwa cha mtu kimebaki nusu. Ndipo tukapitisha waya pembeni, usipite kwenye kengele."

Betri zile hutakiwi kuzishusha chini ya nusu. Wao walizikausha kila siku kwa miezi mitano, kwa uaminifu, kwa zamu, bila mtu hata mmoja kupendelewa. Nilitaka kugomba na sikuwa na wa kumgombeza. Daftari lilikuwa safi. Kila kilichoandikwa mle kilitoka mdomoni mwangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na kwenye mlango wa jokofu Sista Namsifu akasema, "Saba, mama."

Nikampigia Shabani wa Kihurio, ambaye sasa ni mzee wa mvi na kila mtu anamwita babu. Nikamweleza kwa maneno machache.

"Lile dogo linatosha?" akauliza.

"Linatosha kwa jokofu. Litawaka kweli?"

"Juzi ilikuwa Ijumaa," akasema kama mtu aliyetukanwa, na kukata simu.

Alilileta mwenyewe kwa pikapu mpaka mahali ambapo barabara ilikuwa inaishia kwenye tope. Mzee Mchome aliagiza kengele ya kanisa igongwe. Ibada ilikuwa imekwisha mapema siku hiyo, kwa sababu kinanda, kilichochajiwa dakika zile kumi tu, kilikuwa kimekata roho kwenye ubeti wa pili kama akiba yote ya zahanati. Kwa hiyo waliokimbia kulibeba jenereta walikuwa kwaya nzima, na majoho yao ya zambarau yamekunjwa hadi magotini, sauti ya kwanza mbele, besi nyuma. Mzee Shabani alipanda nyuma yao kwa fimbo akiwakemea wasilitikise, limejaa mafuta.

Saa kumi kasoro nililiunganisha kwenye chenjiova. Kipimajoto kilisoma saba na nusu. Nikavuta kamba mara moja, kimya. Kwaya ikaguna. Mzee Shabani akanisogeza kwa fimbo, akafungua koki ya mafuta ambayo mimi, fundi wa miaka mingi, nilikuwa nimeisahau, akavuta mwenyewe. Likawaka. Jokofu likaanza kuunguruma, na Sista Namsifu, mgongo bado mlangoni, akafunika uso kwa mikono miwili akalia. Nami nililia kidogo, ila nilikuwa nimeinama kwenye swichi na hakuna aliyeona. Kesho yake watoto thelathini na kitu walichanjwa, nao wakalia kuliko sisi wote.

Jioni ile, kabla ya kushuka, nilimwomba Mzee Mchome tukae.

"Mzee, nilikueleza vibaya. Ndiva ina tundu la kutolea maji, sivyo? Na chini ya tundu?"

"Chini ya tundu hubaki tope na vyura."

"Basi kwenye betri, tundu lipo katikati ya ukuta. Yaliyo juu ya tundu mnaweza kugawana umeme ukikatika. Yaliyo chini si yenu."

"Ni ya nani?"

"Ya jokofu la Sista. Ni ya watoto."

Aliandika hilo kwenye daftari. "Mama fundi, mtu akiniambia maji haya ni ya fulani, sijawahi kumpa mwingine. Ungeyasema hayo tangu mwanzo."

Barua nyingi ziliandikwa na betri mpya zikaja, zikabebwa na kwaya ileile. Safari hii nilivuta kiti. Nilikaa saa nzima na nusu huku Mzee Mchome akinifundisha, na nilimuuliza maswali ya kijinga mpaka akamuuliza Sista kwa kunong'ona kama nina malaria. Wiki iliyofuata, bila mtu kumwambia, alichukua rangi ya kucha ya mjukuu wake akapiga mstari mwekundu kwenye kioo cha kipimo cha betri, katikati kabisa.

Siku yangu ya mwisho kazini mlinipangia sherehe saa tisa, na mpaka leo mnasema niliwakimbia. Sikuwakimbia. Asubuhi nilipanda kwenye zahanati ile kukagua mara ya mwisho, nikakuta umeme umekatika tangu jana yake na jokofu linasoma nne. Simu yangu ilikuwa imebaki asilimia mbili. Gari lilikuwa limeniacha chini na dereva alikuwa ameniambia nimpigie nikiwa tayari, maana alikuwa anakwenda Maore kutafuta chakula. Nikatoa chaja, nikainama kwenye soketi ya pembeni.

"Unafanya nini?" Mzee Mchome alikuwa mlangoni na daftari.

"Shikamoo mzee. Nachaji simu kidogo tu. Dakika tano."

Akaja, akaangalia kipimo. Mshale ulikuwa umelala juu ya mstari mwekundu, sawasawa.

"Imefika kwenye tundu," akasema.

"Mzee, ni mimi. Hizi betri nimezifunga mimi. Leo ninastaafu, watu wananingoja Same na keki."

"Hongera sana." Akachomoa chaja yangu, akaizungushia waya wake vizuri, akanirudishia. Kisha akavuta kile kiti, akaniketisha, na kunieleza kuanzia mwanzo, polepole, kama anavyoelezwa mgeni: mfereji ni upi, ndiva ni ipi, tundu liko wapi, na kilicho chini ya tundu ni cha nani. Hakuruka hata neno moja. Sista Namsifu alikuwa amesimama nyuma yake akijiziba mdomo kwa leso.

Simu ilizimika akiwa katikati ya maelezo. Nikashuka mlima kwa miguu hadi Maore, saa mbili nzima, viatu mkononi, nikicheka peke yangu njiani mpaka wachunga ng'ombe wakanipisha. Keki nasikia ilikuwa nzuri.